Walidhani figo za mbuzi kwenye friza yangu ni za mtoto aliyepotea

Wakuu, habari zenu.

Ninaandika kutoka Bukavu, Kongo. Kiswahili changu kina mchanganyiko wa huku kwetu, mtanivumilia. Majina ya watu nimebadilisha na mtaa sitautaja. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, sijaongeza hata kokoto. Kama kuna mtu wa huku anasoma, inawezekana alikuwa pale siku ile.

Nimekaa na hii kitu muda mrefu. Nimeona bora niiandike kuliko kuendelea kuiota.

Mimi ni mwanamke, ni assistante wa biolojia chuo kikuu, yaani mwalimu msaidizi. Naishi na mdogo wangu wa kike, Nsimire, anasomea uuguzi. Wazazi wetu ni watu wa Kalehe, baba alitangulia zamani, mama tulimzika miaka michache iliyopita.

Mama alikufa kwa figo.

Ngoja niseme kidogo kuhusu hilo, maana bila hilo mtaniona kichaa.

Kaka yetu mkubwa alikuwa tayari kumpa mama figo moja. Hakukuwa na mahali pa kufanyia, na mama hakuwa tena wa kusafirishwa. Mimi katika kukata tamaa nikamuuliza daktari, hivi watu wanaokufa kwenye ajali kila wiki na figo zao nzima, kwa nini hazihifadhiwi mahali? Si tunagandisha samaki wa ziwa miezi na miezi?

Daktari alikuwa amechoka, akanijibu taratibu tu: "Madame, samaki hatakiwi kuamka."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nichague nilichochagua kufanyia utafiti.

Wakuu, tatizo la kugandisha kiungo ni barafu. Nyama imejaa maji. Maji yakiganda yanatanuka, yanatengeneza vipande vyenye ncha, na mshipa mdogo wa damu hauwezi kustahimili. Tena barafu ikianza nje ya seli, inavuta maji yaliyo ndani, seli inasinyaa na chumvi inabaki kali humo ndani. Ukija kuyeyusha, kwa macho unaona figo nzima. Ndani ni uji.

Watu duniani wana mawazo mengi ya kuzuia hilo, mengine bado ni ndoto. Kuna chura wa nchi za baridi anajijaza sukari mwilini, anaganda kama jiwe, jua likirudi anaruka. Kuna samaki wa bahari za barafu wana protini inayoshika kipande cha barafu kikiwa kidogo na kukizuia kisikue. Kuna wanaotaka kuyapoza maji haraka sana, yakiwa yamechanganywa na dawa nzito, ili yawe kama kioo badala ya barafu. Shida ni kwamba dawa yenyewe ikizidi ni sumu, na wakati wa kupasha joto barafu inapata nafasi ya kuzaliwa upya. Wengine wanafikiria kuingiza chembe ndogo za chuma kwenye mishipa ili kiungo kipate joto sawasawa, ndani na nje kwa pamoja.

Wazo langu mimi lilikuwa dogo na la kwetu. Juu kabisa ya mlima Kahuzi alfajiri kuna baridi ya kugandisha umande. Kuna mimea mikubwa kule inaganda na kuyeyuka, na haifi. Ndani yake kuna ute. Nikajiuliza, labda ule ute unafanya barafu ianze mapema, mahali pasipo na madhara, na ibaki vipande vidogo laini. Labda.

Basi nikawa nanunua figo za mbuzi kwa wachinjaji, nazikata vipande, nyingine naziacha nzima. Naziweka kwenye chupa na gliserini, baadhi na ute baadhi bila, nagandisha, nayeyusha, kisha natia rangi ya bluu inayoingia kwenye seli zilizokufa tu. Seli hai inaikataa. Kwa hiyo bluu kidogo ni habari njema, na mimi nilikuwa napata bluu tupu. Zilizoshindwa nilizirudisha kwenye friza hadi siku ya kuzitupa.

(Kuna mkuu ameniuliza inbox kwa nini nilifanyia nyumbani badala ya maabara. Mkuu, maabara yetu ina darubini nzuri na haina umeme wa kutegemea. Nyumbani tulikuwa kwenye laini inayopata courant karibu kila siku. Mkuu wa idara alijua. Mwenye nyumba naye, tumwite Papa Mushagalusa, nilimweleza kabla sijaingiza friza, akacheka akasema mradi haitoi harufu.)

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Tulikuwa tunaishi kwenye parcelle moja, yaani kiwanja kimoja, na mwenye nyumba na wapangaji wengine. Jirani wa mlango wa pili ni Maman Nabintu, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Friza yake ilikuwa imekufa, akamwomba Nsimire amuwekee beseni la samaki kwetu. Nsimire akakubali. Ni jirani, utakataaje.

Asubuhi ile nilienda chuoni. Huko nyuma, mtoto wa nyumba ya jirani akawa haonekani. Msichana mdogo, tumwite Ornella. Baba yake ni mchomeleaji wa vyuma, soudeur, karakana yake iko upande wa chini wa barabara.

Mnajua hali yetu huku. Watu wanachukuliwa. Kuna maneno ya watoto kupatikana bila viungo, hakuna anayejua ukweli wake na kila mtu anayaamini kidogo. Mtoto akikosa kuonekana tu, mtaa mzima unashikwa na baridi.

Wakati wanamtafuta, Maman Nabintu akaja kuchukua samaki wake. Beseni lilikuwa limegandana na mfuko mweusi wa chini. Akavuta. Mfuko ukachanika.

Ndani, chupa. Ndani ya chupa, figo ndogo, zina madoa ya bluu.

Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Mtoto wa jirani amepotea tangu asubuhi, na wewe umeshika chupa yenye figo inayotosha kiganja.

Alipiga kelele. Simlaumu hadi leo.

Mimi wakati huo nilikuwa soko la Nyawera nanunua vitu vya kupika. Simu ikaingia ujumbe wa Nsimire, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya usikuje. Banasema tuliua mutoto. Nimejifungia mu chumba."

Nilisoma ule ujumbe katikati ya soko, watu wananipita na mizigo, na masikio yangu yakaziba. Nikampigia, hapokei. Nikampigia chef d'avenue, mkubwa wa mtaa, simu inaita hadi inakata. Nikampigia Papa Mushagalusa. Akapokea, nikasikia kelele za watu nyuma yake, kisha akakata.

Nikapanda moto, yaani pikipiki. Kwenye mteremko wa kwetu motard, dereva wake, akapunguza mwendo.

"Maman, kule juu kuko bantu mingi. Turudi."

Nikamwambia mdogo wangu yuko ndani. Akanisogeza mbele kidogo, akaniacha kwenye kona, akageuza.

Wakuu, nimewahi kusikia milio ya risasi, kama kila mtu wa hapa. Haifanani na ile sauti. Umati ukiwa na hasira haupigi kelele muda wote. Unavuma, kama mashine iliyoko mbali. Miguu yangu ilikuwa inatembea na mimi sikuwa ndani yake.

Nyuso zote nilizijua. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Yupo anayeniuzia makaa. Yupo mama tunayekaa benchi moja kanisani. Wakanipisha njia bila kunigusa, na nilipopita nikasikia njia inafungwa nyuma yangu.

Mtu akaninyooshea kidole, "Njo yeye huyu."

Friza ilikuwa imekokotwa hadi uani, mfuniko umeng'olewa. Chupa zimepangwa chini, nyingine zimepasuka. Samaki wa Maman Nabintu wamemwagika juani. Kwenye dirisha la chumba chetu niliona vidole vya Nsimire vimeshika nondo. Jiwe lilikuwa limeshapita kwenye kioo.

Kijana mmoja alikuwa na bidon, dumu la manjano. Nilijua ina nini kwa harufu.

Papa Mushagalusa alikuwa amesimama kwenye baraza yake. Nikamwangalia. Akaangalia chini.

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa nitakachosema, na yote yakatoka kichwani.

Baba yake Ornella ndiye aliyenisogelea. Mtu mkubwa, mikono imejaa makovu ya cheche. Alikuwa ameshika chupa moja kwa mikono miwili. Nilitegemea anipige. Akaongea chini chini, kama tuko wawili peke yetu.

"Madame, mi sitaki kelele. Uniambie tu. Ni yeye?"

Wakuu, hapo nililia. Sikulia kwa ajili yangu.

Nikamwambia, "Hapana, papa. Ni ya mbuzi. Nilinunua kwa wachinjaji."

"Nitajua namna gani?"

Figo ya mbuzi na ya mtoto, kwa macho ya baba aliyepotelewa, utazitenganisha vipi? Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mbuzi bananunuaka ya kula. Nani anawekaka figo mu chupa na rangi ya bleu?" Watu wakaitikia. Kijana wa bidon akafungua kizibo.

Sikujua la kufanya zaidi ya kueleza. Nikaketi chini, kwenye vumbi, karibu na samaki. Sijui kwa nini nilikaa. Lakini nilipokaa, waliokuwa mbele wakanyamaza kidogo ili wasikie.

Nikaokota sambaza mmoja aliyekuwa bado mgumu, na mwingine aliyekwisha kuyeyuka. Nikambonyeza huyu wa pili, maji yakatoka, nyama ikabonyea.

Nikamuuliza Maman Nabintu, "Samaki akitoka mu frigo anakuwa hivi. Kwa nini?"

Maman Nabintu alikuwa analia. Akasema, "Njo inakuwaka. Barafu inamuharibu."

"Na ukimurudisha tena?"

"Anaharibika zaidi. Wateja banakataa."

Nikamwambia baba yake Ornella kwamba mama yangu alihitaji figo, na figo haiwezi kuwekwa ikangoja kwa sababu ya kitu hicho hicho alichokiona kwa samaki. Nikamwambia natafuta namna barafu isipasue nyama. Najaribu kwa mbuzi kwa sababu mbuzi hana mama wa kumlilia. Ile bluu ni ya kuniambia nimeshindwa. Nikamwonyesha chupa moja moja. Hii nimeshindwa. Na hii. Na hii.

Sikuwa natetea kitu, nilikuwa navuta muda. Kila dakika niliyokuwa naongea, ile bidon ilikuwa haijamwagwa.

Watu wakaanza kubishana. Mmoja akasema amesikia Ulaya wanafanya hivyo. Mwingine akasema wasomi wote wanaongea hivyo hivyo, huyu anatuchezea akili tu. Mtu akanivuta kilemba kwa nyuma, kikatoka. Nikasikia petroli imenirukia miguuni, baridi, ile baridi ya petroli inayokauka. Sijui kama alikusudia au alisukumwa.

Nsimire akaanza kuniita dirishani. Aliniita jina langu la utotoni, halafu akawa haachi.

Baba yake Ornella akanyanyua mkono. "Mungoje kwanza."

"Tungoje nini?" kijana akauliza.

"Nasema mungoje. Mutoto ni wa kwangu."

Hakuwa ameniamini, wakuu. Nataka mlielewe hilo. Nilikuwa namtazama usoni. Alikuwa hataki tu iwe kweli, na moto ukiwaka ingekuwa kweli milele.

Wakati huo simu ya mke wake ikalia.

Mama yule alikuwa amekaa kwenye ngazi, wanawake wamemshika pande zote. Alitazama simu kama haijui. Mwenzake akapokea, akaiweka kwa spika. Alikuwa shangazi yake Ornella, yuko Kavumu, nje ya mji. Alipita asubuhi na kumchukua mtoto akapimwe nguo ya harusi, amemwambia bibi wa mtoto aliyekuwa anaelekea shambani, na bibi alidhani mama amesikia. Simu yake ilikuwa imezima, ndiyo kwanza amepata pa kuchaji.

Kisha tukasikia sauti ya mtoto, haina habari na lolote. "Maman, nguo iko na maua."

Baba yake alikaa chini palepale karibu yangu. Chupa bado iko mikononi. Mabega yake yakawa yanaruka na hakutoa sauti.

Umati ukaisha. Sijawahi kuona kitu kama kile. Hakuna aliyesema samahani, hakuna aliyeniangalia. Waligeuka kuwa majirani tena, mmoja mmoja, wakaenda kupika. Kijana alifunga bidon yake akaondoka nayo kama aliyetumwa mafuta. Mwanamke mmoja akipita aliniambia, kwa upole kabisa, "Lakini hizi bintu usiwekake mu nyumba ya bantu."

Nsimire alipofungua mlango alikuwa amejikojolea. Nilimvua, nikamwosha kama mtoto, na yeye akaniosha petroli miguuni.

Chef d'avenue alikuja jua likiwa linashuka, na kalamu mfukoni. Papa Mushagalusa alikuja baada yake. Alisema aliogopa watamchomea nyumba. Kisha akaniomba nitafute pengine kabla ya mwisho wa mwezi, akaomba kwa adabu sana. Sikumjibu vibaya. Nilipomwangalia siku ile kutoka pale chini nilikuwa nataka aseme sentensi moja tu. Sasa najua sentensi moja inaweza kumshinda mtu mzima.

Chupa zilizobaki nzima zilikuwa zimeyeyuka. Mkuu wa idara aliniambia nizitupe. Nilizitia rangi na kuzipeleka chini ya darubini hata hivyo, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini. Karibu zote bluu. Kwenye vipande vichache vyenye ule ute wa mlimani, pembeni kulikuwa na ukanda mwembamba ambao rangi haikuingia.

Msishangilie. Inawezekana vilikuwa kivulini vikayeyuka tofauti. Inawezekana rangi ilikuwa imekwisha nguvu. Ukanda mwembamba wa kipande cha mbuzi si figo ya mtu. Niliuangalia tu, nikazima taa ya darubini, nikaenda nyumbani.

Tulihama. Friza ilikaa tupu mtaa mpya, imefunikwa na kitambaa kama meza. Nilikuwa siwezi kuifungua. Nikigusa ule mpini nasikia harufu ya petroli.

Siku moja mchana akaja baba yake Ornella. Sijui nani alimwelekeza. Alikuja na mtoto, na kifaa chake cha kuchomelea amekibeba begani. Nsimire alimwona kutoka dirishani akaingia chumbani na kufunga. Nilisimama mlangoni, moyo unanipiga hadi kwenye meno.

Akamwambia mtoto anisalimie. Mtoto akanipa mkono.

Kisha akauliza, "Ile figo. Inaamuka?"

Nikamwambia bado.

"Itaamuka?"

Nikamwambia sijui, papa. Labda si mimi nitakayeiona.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya haki. Akaomba kuona friza. Mfuniko ulikuwa umevunjwa bawaba siku ile, akautengeneza palepale uani, akaweka na sehemu ya kufuli. Alipomaliza akatoa kopo la rangi nyeupe, akaandika juu kwa herufi kubwa zisizonyooka: MBUZI. KAZI YA SHULE.

Sikujua nicheke au nifanye nini. Nilimpa chai. Mtoto alikunywa, yeye hakunywa.

Nimeanza tena, wakuu, polepole. Kabla sijaweka chupa hata moja, nilizunguka nyumba zote za mtaa mpya na figo ya mbuzi mbichi kwenye sahani, nikieleza. Wengine walicheka, wengine walifunga mlango. Mama mmoja aliniuliza kama nikimaliza nayo anaweza kuipika.

Somo nililobaki nalo: kumwambia mwenye nyumba, kumwambia mkuu wa idara, haitoshi. Wanaopaswa kujua unachofanya ni wale watakaosimama uani kwako siku mambo yakiharibika. Na ukiwa ndani ya umati, hata kama humjui mtu anayetuhumiwa, uliza swali moja kwa sauti. Moja tu. Linakula muda, na muda ndio uliotuokoa mimi na mdogo wangu.

Naomba maoni yenu. Kama kuna mtu wa maabara huku Maziwa Makuu anajua namna ya kupata naitrojeni ya maji, ile ya kugandishia haraka, bila kupitia njia ndefu, anifahamishe. Na kama umewahi kuzingirwa na watu unaowajua ukabaki hai, niambie hofu inaisha lini. Mimi hata harusi ikipita na matarumbeta, kitu cha kwanza ninachotafuta kwa macho ni mlango.

Ila msiniulize ni mtaa gani. Nsimire bado anapita pale kwenda shule, na bado anawasalimia.